Nilificha Jiko, Bibi Akaitwa Mchawi

Mimi ndiye niliyeufunga ule mlango wa gari. Nimeanza na hilo kwa sababu nikianza na mengine nitaingiwa na woga, nitafuta, nitaacha kama nilivyoacha mara tatu zilizopita.

Kuna mtu alikufa kwa uzembe wangu. Hilo peke yake ni zito. Lakini kuna mtu wa pili, bibi kizee asiye na hatia, aliyehamishwa kwake kwa aibu kwa sababu nilikuwa na neno moja la kumwokoa, nikalimeza. La kwanza lilikuwa ujinga. La pili nililifanya nikiwa na akili zangu zote!

Nina miaka ishirini na tano. Niliishia darasa la saba. Kazi yangu ni ufundi bodi katika gereji moja hapa Sumbawanga mjini: kunyoosha mabati, kuchomelea, kupaka puti kabla ya rangi. Kuandika naandika polepole, mnivumilie.

Tangu utotoni mimi ni mtu wa aibu. Watu watatu kwangu ni mkutano. Nikikuta wateja dukani nasubiri nje mpaka watoke. Mtu akiniuliza jambo ghafla, jibu linanijia akiwa ameshaondoka.

Ndiyo maana nikapenda gari. Ndani ya gari hakuna anayekuuliza kitu.

Baba mdogo alikuwa na Noah iliyokufa injini, kuku wanatagia ndani. Akaniambia nikiweza kuifufua niichukue. Ilinila miaka miwili, kila Jumapili baada ya misa. Siku ilipowaka nilikaa kwenye usukani nikalia.

Hapo nikapata wazo. Nilitaka kuizunguka nchi peke yangu. Nitoke Sumbawanga nipite Tunduma, Mbeya, Iringa, Dodoma, Singida, Mwanza mpaka Bukoba, kisha nirudi kwa njia ya Kigoma na Mpanda. Mimi ambaye nilikuwa sijavuka Tunduma!

Na gesti sikutaka. Gesti unaandikishwa jina, kabila, unatoka wapi, unakwenda wapi, huku mhudumu amekukazia macho. Ningelala humo humo garini. Nikanunua daftari, kila mji nikaupa ukurasa wake: maji yapo wapi, mafuta wapi, pa kuegesha wapi. Sikumuuliza mtu. Madereva wa malori wakija gereji nilikuwa nalala chini ya gari lao, nafanya kazi na kusikiliza. Wakitaja kituo ambacho wenzao hulala salama, jioni nakiandika.

Viti vya nyuma niling'oa. Nikaunda kitanda cha mbao cha mtu mmoja, chini yake droo ya sufuria, unga, chumvi, dumu la maji, tochi, koleo. Madirishani nikaweka mapazia ya kitenge.

Kisha nikaziba. Hapa nisomeni taratibu.

Kwetu Ufipa kuna baridi. Ikifika Juni na Julai upepo unakuja juu ya nyasi tupu, hauna mti wa kuuzuia, unaingia mpaka kwenye meno. Halafu kuna vumbi la njiani. Kwa hiyo nikabadilisha mipira ya milango yote. Kila tundu nililoliona kwenye bodi nikalijaza silikoni. Hata yale matundu ya hewa ya nyuma niliyaziba kwa bati. Nikaimwagia gari maji kwa mpira, halikuingia tone. Nikafurahi kama mtu aliyejenga ghorofa!

Na kwa ajili ya joto nikachomelea jiko dogo la mkaa, lina miguu minne mipana lisianguke. Kwetu jiko chumbani si jambo geni. Mama akimaliza kupika, mkaa uliobaki huingizwa ndani tunakolala, ndivyo tulivyokua. Hakuna aliyewahi kufa. Sikujiuliza kwa nini.

Sasa nimtaje Deo.

Deo alikuwa mpaka rangi pale gereji, rika langu, rafiki yangu pekee. Alikuwa na maneno kama redio. Mteja akija, yeye ndiye alisema kwa niaba yangu: "Huyu bwana hasemi, lakini mkono wake unasema." Nikidaiwa jibu, anajibu yeye. Nikionewa, anagomba yeye. Mama yake alikuwa akinitania kwamba mwanawe amejifungua mtoto mkubwa.

Safari yangu aliigundua alipoliona daftari. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Utazungukaje nchi nzima, mshikaji, na hodi tu inakushinda? Gari likizima Singida utafanyaje? Utalitazama mpaka lione huruma?"

Alipomaliza kucheka akawa mtu wa maana. Akasema nisiende safari ndefu na kitu ambacho sijakijaribu. Tulale siku moja huko mbele ya Kaengesa, kwenye baridi ya kweli, tuone gari linavyofanya. Nikakubali.

Tulitoka Jumamosi mchana, mwezi wa saba. Jioni tukafika kijiji kimoja mbele kidogo ya Kaengesa, jina lake nitaliacha. Mimi nilitaka tuegeshe mbali na watu. Deo akasema mgeni anayejificha huitwa mwizi. Akaenda kwenye nyumba ya kwanza akapiga hodi, mimi nimebaki kwenye usukani.

Akatoka bibi mmoja mjane, nitamwita Bibi Skola. Alituamkia kwa kupiga makofi taratibu kama desturi yetu, akasema tuingize gari uani. Alikuwa anaishi peke yake. Mumewe amezikwa pale pale, nyuma ya nyumba.

Alitupikia ugali wa ulezi na maharage, tukala wote watatu sahani moja. Deo alimchekesha sana. Alimwambia, "Bibi, huyu mwenzangu nakuachia awe mume wako. Hana maneno mengi."

Bibi akanitazama. "Mume asiyesema ndiye ninayemtaka. Yule wa kwanza alinichosha masikio."

Nilicheka hata mimi. Sikumbuki mara nyingine niliyojisikia vizuri hivyo nyumbani kwa mtu nisiyemjua.

Baada ya kula bibi akasema tulale wote jikoni kwake, karibu na mafiga, mgeni halali nje. Kumkatalia wote wawili ingekuwa dharau, na kitanda cha garini kilikuwa cha mtu mmoja. Deo akasema yeye ndiye atakwenda kuijaribu hoteli yangu, mimi nibaki kwa mke wangu. Akatoka kwenda kujinyoosha miguu.

Nikaanza kuwasha jiko langu kwa mkaa tuliokuja nao. Bibi akauliza moto ule nitaulaza wapi. Nikamwambia garini.

"Na mlango?"

"Nitafunga, bibi. Baridi."

Akanyoosha kidole juu, pale ukuta wa jiko lake ulipoachana na nyasi za paa. "Moto unavuta pumzi kama mtu. Mimi nimeuachia pengo lile. Hilo gari lenu lina pengo wapi?"

Nikamjibu kwa majivuno kwamba halina hata moja.

"Basi mwachie kioo wazi, mjukuu wangu."

Nikasema sawa, bibi. Tena nilisema kwa heshima! Lakini moyoni niliona ni maneno ya kizee. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri, hauna moshi, na kwangu moto usio na moshi ulikuwa moto usio na madhara. Deo alipoingia kitandani nikaweka jiko miguuni pake, nikapandisha vioo vyote, nikausukuma mlango mpaka ukalia. Nilitaka kujua joto litadumu mpaka saa ngapi. Hilo tu ndilo lililokuwa kichwani mwangu. Sikumwambia Deo kilichosemwa na bibi.

Asubuhi bibi alipika uji, akanituma nikamwamshe mwenzangu.

Nilifungua mlango, joto zito likanipiga usoni. Deo alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu, uso una wekundu kama wa mtu mwenye afya. Nikamtikisa. Nikamtikisa tena. Alikuwa ameshakakamaa.

Hapa ndipo ninapoomba mnisikilize.

Sikupiga kelele. Kitu cha kwanza nilichokiona ni lile jiko, na nilielewa palepale, kama mtu aliyewashiwa taa. Nikalitoa. Nikaenda nyuma ya kihenge cha nafaka cha bibi nikamwaga majivu, nikalifunga jiko kwenye gunia la vifaa chini ya kiti cha mbele. Nikafungua vioo vyote. Nikarudi nikasimama mlangoni. Ndipo nikaita.

Wakaja majirani, ikapelekwa taarifa polisi, Deo akapelekwa hospitali mjini, na mimi nikapanda naye. Daktari aliyemchunguza alinijia uso kwa uso. Alikuwa mtu mpole. Akasema dalili zinaonyesha marehemu alikosa hewa safi. Akaniuliza kama tulikuwa na moto wowote ndani ya gari.

Mama yake Deo alikuwa amekaa kwenye benchi pale, ananitazama. Pembeni yake kaka yake, mjomba wa Deo, ambaye anaishi kijiji kile kile ingawa usiku ule alikuwa safarini. Polisi amesimama na karatasi.

"Hapana," nikasema.

Jibu ambalo siku zote hunichelewa, siku ile lilitoka haraka!

Karatasi ikaandikwa kwamba alikosa hewa, chanzo hakijulikani. Na kwetu, kisichojulikana chanzo kina mwenyewe. Msibani mjomba akaanza kuuliza. Kijana mzima, gari zima, hakuna moto, hakuna kidonda, amekosa hewa vipi? Amekabwa. Nani amemkaba? Usiku ule alikula kwa nani?

Nilikuwa nimekaa hatua tano kutoka kwake. Ningeweza kusema nami nilikula sahani ile ile. Ningeweza kusema bibi ndiye pekee aliyejaribu kumwokoa. Niliinamisha kichwa, watu wakaona ni majonzi. Mama mmoja akaniletea maji.

Ya kijijini niliyapata baadaye, vipande vipande. Kwanza watu waliacha kumsalimia bibi. Zamu ya sala za jumuiya ilipofika nyumbani kwake, hawakwenda. Alipotafuta watu wa kumsaidia kulima matuta, kazi ambayo kwetu jirani hakataliwi, kila mtu alikuwa na udhuru. Watoto wakawa wanakimbia wakimwona na ndoo. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa maisha yote, na hayo nayo yakawa ushahidi. Kabla mvua hazijaanza akakuta paa la jiko lake limevutwa nyasi zote, ziko uani. Hapo binti yake aliyeolewa Wampembe, kule chini ziwani, akaja kumchukua.

Nikakaa na siri yangu mwaka mzima. Niliifunika Noah turubai. Sikuwa na mtu wa kumwambia, maana niliyekuwa namwambia mambo yangu ni Deo.

Mwezi wa saba uliporudi nikashindwa kuvumilia. Nikaitoa gari, nikaenda Wampembe. Nilikwenda peke yangu, na njiani Namanyere nikalala garini, vioo vyote wazi, natetemeka. Kumbe ndivyo ilivyo kusafiri peke yako ukiwa na kitu rohoni. Hakuna anayekuuliza kitu, ni kweli, lakini unajiuliza mwenyewe njia nzima.

Ukiteremka kuelekea ziwani joto linakupokea kabla ya watu. Nikamkuta Bibi Skola anaanika dagaa mchangani na wajukuu wake. Alikuwa amekonda, mikono ina vipele vya joto. Nikapiga goti, shikamoo bibi. Akanitazama kidogo.

"Ni yule asiye na maneno," akasema. "Umetoka mbali. Kaa."

Nikakaa. Ilinichukua muda mrefu. Yeye aligeuza dagaa, akanipa nafasi. Mwishoni nikatoa.

"Bibi, kioo sikukiacha wazi. Na lile jiko nililificha mimi."

"Najua."

"Ulijua?"

"Niliyaona majivu nyuma ya kihenge siku ile ile. Mimi napikia kuni, mkaa ningeutoa wapi?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasimamisha mikono.

"Nilisema, mwanangu. Nilisema kwa mwenyekiti, nilisema kwa mjomba wa marehemu. Wakanijibu kwamba kijana aliyekuwepo aliulizwa na daktari, akasema hapakuwa na moto. Sasa wewe ungemwamini nani?"

Nililia kama mtoto pale mchangani. Nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe. Lakini akaniambia kitu kimoja, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemtuma mtu dukani.

"Umekuja kumwambia anayejua. Nenda kawaambie wasiojua. Nataka kurudi kwangu kabla sijafa. Huku silali kwa joto, na mzee wangu yuko kule peke yake."

Akanipikia ugali na samaki wa ziwani, migebuka, akakataa niondoke na njaa. Nikala. Nikamwahidi kwamba ndani ya wiki mbili nitakuwa nimekwenda kijijini.

Nilikwenda baada ya miezi mitano!

Sina sababu ya kuwaambia zaidi ya aibu. Mara mbili nilifika mpaka Kaengesa nikageuza. Nilikuwa najiambia Jumapili ijayo nitakuwa na ujasiri. Nilikuwa nausubiri ujasiri kama mtu anavyosubiri basi.

Siku niliyofika, watu walikuwa wamekusanyika baada ya ibada. Nikaomba kusema. Nilisimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Nikasema yote: silikoni, jiko, onyo la bibi, mlango, majivu, hospitali. Nilibabaika lakini sikuruka kitu. Nikadhani nikimaliza kitu kitapasuka, labda watanipiga. Nilikuwa tayari.

Mjomba wa Deo akasimama polepole.

"Kijana, tumesikia ulikwenda Wampembe. Ni kweli?"

"Ndiyo, mzee."

"Kwa yule mama?"

"Ndiyo."

"Ukala chakula chake?"

Nikajibu ndiyo. Ningejibu nini?

Akawageukia watu. "Mwaka mzima alikuwa na akili zake, akasema hapakuwa na moto. Amekwenda kula kule, amerudi na maneno haya. Mnaona wenyewe."

Na watu wakaona. Niliwatazama nyuso zao, walinionea huruma! Mama mmoja akaniambia nikaombewe. Nikamwonyesha mjomba lile jiko, nilikuwa nimelibeba kwenye gunia. Akasema jiko kila nyumba lipo.

Ukweli wangu ulikuwa mzima siku ile ya hospitali. Kwa mwaka mmoja na miezi mitano niliuacha mahali pabaya, ukaoza. Nilipouleta watu walisikia harufu tu.

Nikarudi mjini nikaenda kwa mama yake Deo. Yeye aliniamini. Alinisikiliza amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Mwanangu alikusemea kila mahali," akasema. "Wewe ulishindwa kumsemea bibi wa watu mara moja."

Akaingia ndani. Tangu hapo tukikutana sokoni anapita kama anavyopita kwenye ukuta. Alijaribu kuzungumza na kaka yake, akaambiwa uchungu wa mtoto umemchanganya. Polisi nako nimekwenda, nimeandikisha maelezo yangu upya, na litakalofuata huko nitalipokea.

Bibi Skola yuko Wampembe mpaka leo ninapoandika. Nilirudi kumwambia nilichojibiwa. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama pale kwake nimepita, nikamdanganya kwamba sikupita. Nilipita. Uani pamelimwa mahindi, yamefika mpaka kwenye kaburi la mumewe. Binti yake anasema kila anayeshuka kutoka juu, bibi anamuuliza kama ulezi umevunwa, kisha anaingia ndani kulala hata kama ni mchana.

Safari ya kuzunguka nchi sina tena. Noah nimeitoboa matundu yote niliyoyaziba, na sasa inabeba vyuma vya gereji.

Wewe unayepanga safari na kulala kwenye gari lako, wewe unayelala na jiko chumbani, nakuomba: mkaa usio na moshi unaua, na unaua taratibu, hautakuamsha. Weka moto nje. Tetemeka, lakini amka.

Na wewe mwenye aibu kama mimi, ambaye kuna mtu anabebeshwa kosa unalolijua mwenyewe. Usiseme utakwenda siku utakapopata ujasiri. Mimi niliusubiri, haukuja. Hata siku niliposimama mbele ya watu haukuwepo. Nenda leo na woga wako wote, babaika, tetemeka, sema. Kesho utasema vizuri zaidi, na hakuna atakayekuamini.